Kijikaratasi cha Kupimia Sumukuvu: Kimefanywa kwa Nini, na Chasema Nini



Siku hizi ukipeleka mahindi kwa mnunuzi mkubwa, au kwenye ghala la chama cha ushirika, huenda utamwona mtu akichoma magunia kwa bambo. Punje alizozitoa atazisaga, unga wake atautia katika kichupa chenye maji ya dawa, kisha atachovya humo kijikaratasi chembamba. Baada ya dakika chache atatazama mistari myekundu na kusema, "Haya tunayachukua," au, "Haya hatuyachukui." Kazi yako ya msimu mzima yahukumiwa kwa mstari mmoja. Mkulima asiyejua kijikaratasi hicho ni kitu gani aweza kudhani ni uchawi, au ni hila ya kushusha bei. Uchawi hakuna. Hila ikiwapo, atakayeitambua ni yule anayejua namna kipimo kinavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo tumeandika kurasa hizi.

SUMU INAYOTAFUTWA

Sumukuvu yatokana na kuvu ya rangi ya kijani na manjano, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hukaa udongoni na katika mabua makavu. Hushika mahindi na karanga, hasa mwaka wa ukame, mmea ukiwa umechoka kwa jua na wadudu wamekwisha kutoboa masuke. Ikiingia ghalani katika nafaka isiyokauka vizuri, huzidi.

Watu walianza kuijua sumu hii mwaka 1960, bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa muda mfupi. Ikaonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania, waliugua watu 68, wakafa 20. Mgonjwa macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, ini huharibika. Hao ndio waliokula sumu nyingi kwa siku chache. Anayekula kidogo kidogo kila siku haugui mara moja, bali baada ya miaka yaweza kumletea saratani ya ini.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba kuvu yaonekana, lakini sumu yenyewe haionekani, wala haina harufu, wala haibadili ladha ya ugali. Mahindi yenye ukungu pengine hayana sumu nyingi. Na mahindi mazuri machoni pengine yanayo. Kupika hakuiondoi. Kiasi kilichowekwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwamba sumukuvu zote pamoja zisizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni 1. Ukitaka kujua udogo wa kiasi hicho, chukua magunia 1,000 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Sumu gramu 1 tu, ikienea katika magunia hayo yote, ndiyo kiasi hicho kamili. Hakuna jicho wala pua ya mtu iwezayo kuipata.

Na sumu hii si jambo la afya peke yake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumu hiyo. Siku chache baadaye ikafungua njia tena, lakini kwa masharti, na mojawapo ni cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiasi tulichokitaja.

KIUMBE HUTAMBUA KULIKO CHUMA

Mtu akishindwa kuona kitu, tangu zamani amemtumia mnyama. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege wadogo wa manjano katika vizimba. Hewa yenye sumu isiyo na harufu ikiingia mgodini, ndege huanguka kwanza, na watu wakapata nafasi ya kukimbia. Kazi hiyo ya ndege iliachwa mwaka 1986, vilipotumika vyombo vya umeme. Hapa kwetu Morogoro, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ya wenye kifua kikuu. Wanafanya kazi hiyo vizuri sana.

Lakini mnyama mzima ahitaji kulishwa, kutunzwa na kufundishwa, na siku nyingine huchoka. Basi wataalamu wakajiuliza: Ndani ya kiumbe, ni kitu gani hasa kinachotambua? Je, hatuwezi kukichukua hicho peke yake tukakiweka juu ya karatasi au juu ya waya wa umeme? Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, wa Marekani, walieleza namna ya kuweka kimeng'enya juu ya chombo cha umeme ili kupima sukari katika damu. Kile chombo kidogo ambacho mgonjwa wa kisukari hujichoma nacho kidole kimetokana na fikira hiyo. Nao ule utepe wake mara nyingi huwa na kimeng'enya kilichotokana na kuvu nyeusi iitwayo Aspergillus niger, yaani ndugu wa kuvu hii hii iharibuyo mahindi yetu. Si kila aliyetoka katika ukoo mbaya ni mbaya.

Vipimo vya namna hii huitwa baiosensa. Kila kimoja kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kitu kilichotoka katika kiumbe hai, ambacho kazi yake ni kutambua. Sehemu ya pili ni kitu cha kutoa habari, kwa rangi au kwa umeme. Ni kama mbwa wa mlinzi: pua yake ndiyo inayotambua mwizi, lakini asipobweka mwenye nyumba hajui kitu.

KINGAMWILI: PANYA, NG'OMBE NA MBUZI KATIKA KARATASI MOJA

Katika kijikaratasi cha sumukuvu, kinachotambua ni kingamwili. Wewe unajua habari ya kuchanja kuku kwa mdondo. Ukimchanja kuku, damu yake hutengeneza vitu vidogo sana vya kushika ugonjwa ule. Navyo ndivyo kingamwili. Kila namna ya kingamwili hushika kitu chake tu, kama kifuniko kinavyokaa juu ya chungu chake na juu ya kingine kikayumba. Kingamwili ya mdondo haishiki ndui ya kuku.

Kingamwili ya kushika sumukuvu mara nyingi hupatikana kwa panya. Lakini sumu hii ni ndogo mno, hata damu ya panya haijali kuitengenezea kingamwili. Mlinzi wa konde hamwamkii ndege mmoja mdogo. Lakini ndege huyo akija amekaa mgongoni mwa kiboko, mlinzi ataamka, naye atawaona wote wawili. Kwa hiyo wataalamu huifunga sumu juu ya protini kubwa, ambayo mara nyingi hutolewa katika damu ya ng'ombe, kisha humchanja panya kwa hiyo. Sasa damu ya panya huamka.

Zamani kila panya alitoa kingamwili za namna yake, na akifa zikaisha. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha chembe ya panya itengenezayo kingamwili na chembe ya saratani, ambayo kawaida yake ni kuzaana bila kukoma. Chembe hiyo mpya huzaana katika chupa na kutoa kingamwili moja ile ile mwaka baada ya mwaka. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Bila hiyo, vijikaratasi vya mwaka huu visingelingana na vya mwaka jana, na kipimo kisicholingana hakifai sokoni.

Sasa tazama kijikaratasi chenyewe. Ndani yake mna utando mweupe unaonyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Utando huo hufanywa kwa nyuzi za mimea, kama zile za pamba, zilizotiwa tindikali. Maji yenye unga wako hupanda juu polepole, na njiani hupita mahali patatu.

Mahali pa kwanza pamewekwa kingamwili za panya, na kila moja imebandikwa chembe ndogo sana za dhahabu. Dhahabu ikisagwa kuwa vumbi dogo kiasi hicho haiwi ya manjano tena, huwa nyekundu. Maji yakifika hapo, huzichukua kingamwili na kwenda nazo. Ikiwa maji yana sumu, kingamwili huishika papo hapo, na mikono yake hujaa.

Mahali pa pili ni mstari wa kupimia. Hapo imewekwa sumukuvu yenyewe kidogo sana, imefungwa ili isiondoke. Kingamwili iliyokuja mikono mitupu huishika sumu hiyo na kubaki hapo pamoja na dhahabu yake, na mstari mwekundu huonekana. Iliyokuja mikono imejaa haina la kushika, hupita tu.

Mahali pa tatu ni mstari wa ushahidi. Hapo mara nyingi huwekwa kingamwili ya mbuzi ambayo hushika kingamwili ya panya, ikiwa imejaa au ni tupu. Kwa hiyo mstari huu lazima utokee kila mara. Usipotokea, kijikaratasi kimeharibika, na hakuna jibu lolote hapo, la heri wala la shari.

Basi shika sana jambo hili: katika kipimo hiki mistari miwili ni habari njema, na mstari mmoja wa ushahidi peke yake ni habari mbaya. Watu wengi hukosea hapa, maana wamezoea kipimo cha mimba na kipimo cha malaria, ambavyo mistari miwili maana yake kitu kimepatikana. Mtu akikusomea kinyume, mwambie akusomee tena polepole pamoja na karatasi ya maelezo ya waliokitengeneza. Mstari wa kupimia ukiwa hafifu, si mwekundu na si mtupu, usikubali kubishana kwa macho. Vipo vyombo vidogo vya kusoma mistari hiyo na kutoa hesabu. Kama hakipo, kipimo kirudiwe.

MASWALI YA KUMWULIZA MPIMAJI

Uliza kwanza kijikaratasi kimetengenezwa kwa kiasi gani. Vingine hufanywa ili mstari upotee sumu ikifika 20, kwa kuwa hicho ndicho kiasi cha sheria ya Marekani. Kijikaratasi cha 20 chaweza kusema mahindi yako ni mazuri, nawe ukayasafirisha, yakakataliwa mpakani ambako kiasi ni 10. Vingine hufanywa kwa 4, kwa wanunuzi wa Ulaya. Hicho nacho chaweza kuyakataa mahindi ambayo kwa sheria yetu yafaa kuuzwa na kuliwa.

Uliza pia tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo imeandikwa juu ya pakiti. Usisahau kwamba kitu kilichomo ni cha kiumbe hai. Kingamwili huharibika kama maziwa yanavyoharibika, ijapokuwa si upesi hivyo. Joto la ndani ya gari lililosimama juani laweza kuiharibu, na unyevu vilevile. Ndiyo maana kila pakiti hufungwa sana na kutiwa kifuko kidogo cha kukaushia. Pakiti iliyofunguliwa asubuhi ikabaki wazi mezani hadi jioni haifai kuaminiwa.

Kisha tazama maji ya dawa. Baadhi ya vipimo hutumia spiriti kuitoa sumu katika unga. Spiriti kali huivunja kingamwili, kwa hiyo lazima izimuliwe kwa kipimo kilichoandikwa kabla ya kuchovya kijikaratasi. Tena spiriti nyingine ni sumu kwa mtu. Watoto wasiikaribie.

Lakini makosa makubwa kuliko yote hayamo katika kijikaratasi, yamo katika bambo. Sumukuvu haienei sawasawa guniani kama chumvi katika mchuzi. Hukaa katika punje chache tu, lakini punje hizo chache huwa kali sana. Punje moja mbaya yatosha kuharibu kilo kadhaa za unga. Mpimaji akichota kiganja kimoja juu ya gunia moja, aweza kuikosa punje mbaya na kuyasifu mahindi mabaya, au aweza kuichota hiyo hiyo na kuyatupa mazuri. Lazima bambo liingie katika magunia mengi, juu, katikati na chini. Punje zote zichanganywe, na zipatikane kilo kadhaa. Zisagwe zote ziwe laini, unga uchanganywe tena, ndipo kichotwe kile kidogo cha kupimia. Mahindi yako yakikataliwa kwa kiganja kimoja, unayo haki ya kuomba yachotwe upya mbele yako. Na yakisifiwa kwa kiganja kimoja, usifurahi mno.

KIMENG'ENYA KWA WENYE BUSTANI

Wakulima wa nyanya, kabichi na mchicha watakutana na kipimo cha namna nyingine. Hiki hutafuta dawa za wadudu zilizobaki juu ya majani, na kinachotambua si kingamwili bali ni kimeng'enya.

Dawa nyingi za wadudu zenye fosforasi, kama klorpirifosi na profenofosi, na zile za jamii ya karbamati, huua kwa njia moja. Katika mishipa ya fahamu ya mdudu mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima habari ikiisha kupita. Dawa hukishika kimeng'enya hicho, habari haizimiki, mdudu hutetemeka mpaka afe. Kimeng'enya cha namna hiyo kimo pia katika mwili wako, ndiyo sababu mtu apigaye dawa bila kujikinga huumwa kichwa, hutoka jasho na mate, na pengine hufa.

Wataalamu wakageuza ubaya huo kuwa kipimo. Kimeng'enya hutolewa katika damu ya farasi au ya ng'ombe, hata katika vichwa vya inzi, hukaushwa juu ya kadi. Maji yaliyooshea majani hutiwa hapo kwa dakika 10 hivi. Kisha kadi hukunjwa ili igusane na dawa ya rangi, na kushikwa mkononi ipate joto, kwa dakika 3. Rangi ya buluu ikitokea, kimeng'enya ki hai, wala dawa nyingi haimo. Kadi ikibaki nyeupe, kimeng'enya kimeuawa, na mboga hizo zisiende sokoni. Huko Uchina kadi hizo hutumika sana masokoni.

Lakini kadi hii ina upofu wake. Haioni dawa za jamii ya pairetroidi, wala dawa za ukungu, kwa sababu hizo hazikigusi kimeng'enya hiki. Kadi ya buluu haina maana kwamba waweza kuchuma jana ulipopiga dawa ya namna nyingine. Siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa zafuatwa vilevile.

Kwa wenye mihogo twasema kwa ufupi tu: miche ya mbegu hupimwa kwa vinasaba, kujua kama ina virusi vya batobato au michirizi kahawia kabla dalili hazijaonekana. Kipimo hicho hutumia vimeng'enya vya vijidudu vipendavyo joto kali, na kwa sasa ni kazi ya wataalamu. Unaponunua miche, uliza tu kama imepimwa.

KABLA YA KUFIKA KWA MPIMAJI

Kijikaratasi hakiponyi mahindi. Chasema tu yaliyokwisha kutendeka shambani na ghalani. Vuna mara mahindi yakikomaa na kukauka, usiyaache kondeni kungoja nafasi. Usiyaanike juu ya udongo mtupu, maana kuvu hukaa humo. Tumia turubai au kichanja. Ondoa magunzi yaliyotobolewa na wadudu na yenye ukungu kabla ya kupukuchua, na punje zilizovunjika au kubadilika rangi baada ya kupukuchua. Kazi hii ya kuchagua ni ya kuchosha, lakini kwa kuwa sumu hukaa katika punje chache, hakuna kazi ya mikono inayoipunguza kuliko hii. Kukoboa nako husaidia sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu imo katika pumba na kiini.

Ghalani unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna chombo cha kupimia, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka sana katika chupa kavu, jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, usidhani kazi imekwisha. Anika siku moja au mbili zaidi, ndipo uyatie katika mifuko isiyopitisha hewa.

Ipo pia dawa ya shambani yenye kuvu ya ukoo huo huo lakini isiyotoa sumu, ambayo hunyang'anya ile mbaya nafasi. Hutawanywa kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako kama yapatikana karibu nawe.

Mahindi yakionekana kuwa na sumu, usiyachanganye na mazuri ili kuyaficha, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa wanayokunywa watoto. Mpashe habari Bwana Shamba, naye atakuonyesha mahali pa kuyaharibu. Na ule unga uliosagwa kwa kupimia, pamoja na maji yake ya dawa, usirudishwe guniani wala usimwagiwe kuku.